Sakiti Iko Wazi

Inspekta aliusoma mstari ule mara ya tatu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akausoma tena. Uliandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa koplo ambaye herufi zake zote zililala upande mmoja kama abiria waliochoka kusubiri:

"Kitufe cha kengele kimepimwa na fundi. Sakiti iko wazi. Kengele haikuwa na tatizo. Marehemu alichomoa waya mwenyewe kwa kuhangaika."

Chini yake kulikuwa na muhuri, na juu ya muhuri neno moja: Lifungwe.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa umeme, mwenye miaka sabini na miwili, mgonjwa wa pumu. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kushoto tu. Alikutwa amekufa kitandani siku ya Jumanne, saa tano kasoro robo asubuhi. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa akishona katika chumba cha uani, hatua ishirini kutoka kitandani, na alisema hakusikia kengele. Jalada lisingefika mezani kwa Inspekta kama si dada wa marehemu, aliyekuja kituoni Jumatano asubuhi na kupiga meza ya mapokezi akidai kwamba yule binti aliisikia kengele vizuri tu, akaamua kuziba masikio.

Inspekta alichukua jalada akashuka nalo hadi chumba cha mitambo. Fundi wa redio wa kituo, mama mmoja mfupi ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mama Redio, alikuwa amepasua redio ya doria akichokonoa matumbo yake.

"Mama Redio, ukisema sakiti iko wazi, ndiyo kusema ni nzima?"

"Nani kakudanganya?"

Inspekta alimwekea karatasi mbele ya macho. Mama Redio alisoma, akaweka chini chuma chake cha kulehemu taratibu, kama mtu anayeogopa kukirusha.

"Mungu wangu. Afande, mlango ukiwa wazi, watu wanapita. Barabara ikiwa wazi, magari yanapita. Umeme hauko hivyo. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye waya, unaingia kwenye kengele, unarudi kwenye betri kwa waya wa pili. Ni mzunguko. Ukikatika mahali popote, hata kwa nafasi ya unywele, mzunguko haujafunga. Hapo ndipo tunasema uko wazi. Wazi maana yake hakuna kinachopita."

"Hata betri ikiwa mpya?"

"Hata ikiwa imetoka dukani leo. Nguvu iko palepale kwenye ncha ya waya, inangoja. Ila haiendi kokote." Alivuta kitambaa akafuta vidole. "Sasa kitufe kazi yake ni hiyo tu. Ukikiachia, sakiti iko wazi, kengele kimya. Ukikibonyeza, vipande viwili vya shaba vinagusana, sakiti inafunga, kengele inalia. Jana nilipima kitufe chenyewe huku nimekibonyeza kwa dole gumba. Nikapata wazi. Kitufe kilichobonyezwa hakitakiwi kuwa wazi, afande. Kile kilikuwa kimekufa. Nikamwambia koplo aandike, halafu mkaniita nirudi haraka, mitambo imezima. Nikajua mtanitafuta baadaye."

"Hatukukutafuta."

"Naona."

Koplo aliitwa. Alikuja amebana kofia kwapani, akasoma alichokiandika, akasema aliandika alichoambiwa.

"Na hii ya 'haikuwa na tatizo' uliambiwa na nani?"

"Sikuelewa maneno ya Mama Redio, afande, na yeye alishapanda gari. Nikamuuliza yule ndugu wa marehemu, fundi wa mota, yule wanayemwita Fyuzi. Alikuwa amekaa kizingitini analia. Nikamuuliza, fundi, sakiti wazi ni kitu gani? Akasema ni kama bomba ambalo halijaziba. Kila kitu safi."

"Alisema hivyo huku analia?"

Koplo alifikiri. "Alifuta machozi kwanza."

"Uliyaandika maneno yake?"

"Yako kwenye kijitabu changu, na saa."

Inspekta alifunga jalada. "Chukua kijitabu chako. Na wewe, Mama Redio, chukua mita yako."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya vyumba vinne, na ua wenye kamba za nguo. Waombolezaji walikuwa wamejaa kwenye viti vya kukodi. Shangazi, yule dada wa marehemu, alisimama alipowaona.

"Mmekuja kumchukua?"

"Tumekuja kupima kengele, mama."

"Kengele! Kengele ina kosa gani? Mwenye kosa yumo humo ndani anajifanya kulia."

Chumba cha Mwalimu kilikuwa kimefungwa tangu jana kwa kufuli la polisi. Koplo alisema, huku akihangaika na ufunguo, kwamba Fyuzi alikuwa ameuomba mara mbili, mara ya kwanza achukue suti ya kuzikia, mara ya pili achukue viatu.

"Ukampa?"

"Nilimwambia suti nitamtolea mwenyewe. Akasema basi, atanunua nyingine."

Ndani kulikuwa na kitanda, kabati na meza, na kwenye meza mashine ya kuvutia dawa ya pumu. Mashine ile ilihitaji mtu mwenye mikono miwili kuitia dawa na kuiwasha. Ndiyo maana ya kengele. Nyaya mbili nyembamba zilishuka ukutani hadi kwenye kitufe cheupe kilichopigiliwa kwenye ubao wa kitanda, upande wa kushoto. Kifuniko chake kilikuwa kimebanduliwa. Waya mmoja ulikuwa nje, ncha yake ya shaba imepinda. Waya wa pili ulikuwa bado chini ya skrubu.

"Hapa ndipo alipouchomoa akihangaika," alisema Koplo.

Inspekta aliinama mpaka pua ikakaribia ubao. "Mtu anayehangaika anavuta. Waya ungekatika, au ungetoka na nyuzi. Huu umefunguliwa." Aliinua mto kwa kalamu. Chini yake kulikuwa na skrubu ndogo, na sarafu moja iliyochubuka ukingoni. "Alitumia sarafu kama bisibisi. Kwa mkono mmoja. Mama Redio, hebu itazame hiyo skrubu ya pili."

Mama Redio aliigusa kwa kucha. "Imelegea. Imebaki kama raundi mbili itoke."

"Kwa nini mtu ambaye pumzi zinamwishia aanze kufungua skrubu?"

Mama Redio alitoa bisibisi mfukoni. Alimalizia yeye raundi mbili zile, akauvuta waya wa pili, akaushika mmoja kwa kulia na mwingine kwa kushoto.

"Kwa sababu alikuwa mwalimu wa umeme," alisema. "Alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akajua kitufe kimekufa. Kitufe kikifa, unakitoa njiani, unazigusanisha nyaya zenyewe. Hivi."

Alizigusanisha ncha mbili. Uani kengele ililia, kali na ndefu, na kabla haijanyamaza walisikia kiti kikianguka na miguu ikikimbia. Binti wa Mwalimu alitokea mlangoni, uzi mweupe ukimning'inia begani, macho yameenda moja kwa moja kitandani. Aliona shuka tupu. Alishika fremu ya mlango.

"Samahani, dada," alisema Inspekta. "Ilitupasa kukuambia kwanza."

"Inalia," alisema binti. "Kumbe inalia."

"Inalia. Betri nzima, nyaya nzima, kengele nzima. Keti. Ni nani aliyekigusa kitufe hiki mara ya mwisho?"

"Kaka. Fyuzi." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Baba ndiye aliyemlea, afande, tangu mama yake alipofariki. Jina hilo alimpa baba. Kaka alikuwa akikasirika anawaka mara moja na kuzima. Juzi Jumatatu jioni alileta kitufe kipya. Alisema cha zamani ni kigumu kwa vidole vya baba."

"Akakijaribu?"

"Ndiyo. Nilikuwa uani, akapiga kelele, 'Unasikia huko?' Nikamjibu nasikia."

"Alibaki humu muda gani baada ya hapo?"

"Labda dakika kumi. Alisema anafunga kifuniko."

"Kwa hiyo kengele uliyoisikia, huwezi kujua ilikuwa ya kitufe kipya au cha zamani."

Binti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Inspekta hakumsubiri.

"Na usiku wa Jumatatu?"

"Usiku nalala humu humu, chini, kwenye godoro. Kengele ni ya mchana tu, nikiwa na kazi."

Mama Redio alikuwa amekipasua kitufe kwa kisu kidogo. Aliwanyooshea ile sehemu ya ndani kwenye mwanga wa dirisha. Vipande viwili vya shaba vilikuwa pale, vimenyooka, havijavunjika. Lakini juu ya kila kimoja, pale vinapopaswa kugusana, kulikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa kama sukari iliyokauka.

"Hii imepakwa," alisema. "Shaba kwa shaba haifiki. Ubonyeze mpaka dole livunjike."

Shangazi alikuwa ameshasogea mlangoni, shingo mbele. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye viti vya kukodi: "Rangi ya kucha! Iko mezani kwake kule uani, nenda katazame!"

Ilikuwepo kweli. Kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, kilikuwa pembeni mwa cherehani, nusu yake imetumika. Binti alikitazama mkononi mwa Inspekta.

"Napaka kwenye miisho ya nyuzi zisifumuke," alisema. "Mafundi wote wanafanya hivyo."

"Na dawa ya kutolea rangi unayo?"

Alitoa kichupa kingine kwenye droo. Mama Redio alipaka tone la rangi kwenye kigae, akalipuliza likakauka, kisha akachovya pamba kwenye dawa na kulifuta. Lilitoka lote mara moja. Akachovya pamba nyingine, akasugua kipande cha shaba. Akasugua tena. Pamba ilibaki nyeupe, na ile ngozi ilibaki palepale.

"Siyo rangi ya kucha," alisema. "Hii ni vanishi ya kupakia koili za mota. Imeokwa kwenye joto. Ukiiacha ikauke yenyewe haiwi ngumu hivi. Huyu alikuwa na tanuri na alikuwa na muda."

Shangazi alirudi kwenye viti.

Inspekta alirudi chumbani peke yake, akapekua droo ya meza ya Mwalimu. Kulikuwa na barua ya wito: Ijumaa hii marehemu alitakiwa mbele ya kamati inayochunguza moto wa ghala la magodoro, ule uliomuua mlinzi miezi miwili iliyopita. Chini ya barua kulikuwa na daftari la shule. Maandishi yalikuwa ya mkono wa kushoto usiozoea, makubwa na yenye kutetemeka. Alisoma ukurasa wa mwisho akiwa amesimama.

"Nimepima vipande vya nyaya nilivyoletewa. Ni vyembamba mno kwa mzigo ule. Lazima vingewaka. Fundi aliyezitandaza hawezi kusema hakujua. Alijua, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe."

Karakana ya Fyuzi ilikuwa nyuma ya duka la vipuri, mlango wake umefungwa nusu kwa ajili ya msiba. Mota zilipangwa sakafuni, na kwenye kona lilisimama friji kuukuu lililogeuzwa tanuri. Kila kitu kilinuka vanishi. Fyuzi alikuwa mtu wa miaka kama arobaini hivi, mrefu, macho mekundu. Aliwaletea viti, akamfutia Inspekta cha kwake kwa kiganja.

"Karibu, afande. Nilikuwa namalizia kazi ya mteja, kisha nirudi nyumbani. Kuna mambo mengi ya mazishi."

"Pole sana. Sitakuweka. Mimi umeme siujui, nimekuja kufundishwa kidogo ili nifunge jalada. Wanasema wewe ndiye mwanafunzi bora ambaye Mwalimu aliwahi kumtoa."

"Alikuwa akisema hivyo, ndiyo."

"Kitufe cha Jumatatu ulikijaribu baada ya kukifunga?"

"Nilikijaribu. Dada alisikia."

"Sawa. Na sakiti wazi ni kitu gani?"

Fyuzi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeulizwa jambo la darasa la kwanza. "Ni mzunguko uliokatika mahali. Swichi imezimwa, waya umekatika, mguso umechafuka. Umeme upo ila haupiti. Mwalimu alikuwa akituambia siku ya kwanza kabisa: neno hili litawadanganya, maana mkisikia 'wazi' mtadhani njia ipo. Alikuwa akimchapa aliyekosea."

"Na wewe uliwahi kukosea?"

"Mimi? Hata mara moja."

Inspekta aligeuka mlangoni. "Koplo, soma."

Koplo alifungua kijitabu chake, akakohoa. "Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana. Nimemuuliza fundi, ndugu wa marehemu, maana ya sakiti wazi. Amejibu: ni kama bomba ambalo halijaziba, kila kitu safi."

Nje gari lilipita. Fyuzi aliutazama mkono wake uliokuwa bado umeshika kitambaa.

"Nilikuwa na majonzi," alisema. "Mtu mwenye majonzi anasema chochote."

"Ulikuwa na majonzi, ukafuta machozi, ukajibu kinyume kabisa cha unachokijua. Kama ungejibu kweli, koplo angekipasua kitufe palepale. Tumekipasua leo."

"Vitufe vinakufa, afande. Ni vitu vya bei rahisi."

"Havifi kwa vanishi iliyookwa." Inspekta alinyoosha kidole kwenye friji kuukuu, akalitoa daftari la shule mfukoni, akaliweka gotini likiwa limefungwa. "Hili ndilo ulilokuwa unaombea ufunguo? Au kitufe? Au vyote viwili?"

Fyuzi alilitambua lile daftari. Alikaa juu ya mota, mabega yakashuka.

"Nilimwomba," alisema. "Mara tatu. Nilipiga magoti mbele ya kitanda chake. Nikamwambia, baba, andika kwamba huna hakika, basi. Ni neno moja tu. Ningefungwa, afande. Unajua aliniambia nini? 'Yule mlinzi naye alikuwa mtoto wa mtu.' Mimi je? Mimi nilikuwa nani kwake?"

"Alikuamini ukambadilishia kitufe chake."

"Sikumgusa. Hata kwa kidole sikumgusa."

"Hilo ni kweli," alisema Inspekta akisimama. "Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa dada, uani. Cherehani yake ilikuwa inaruka uzi, nikaenda kuitengeneza. Muulize."

"Nimeshamuuliza. Ulifika saa tatu na nusu, ukaondoka naye mlipokwenda pamoja kumwamsha mzee. Anasema kila nusu saa huwa anakwenda kumchungulia baba yake. Jana hakwenda kwa saa nzima na robo."

Fyuzi aliweka kitambaa chini. Koplo alimfunga pingu mbele, kwa upole, na Mama Redio akabeba kopo la vanishi na kipande cha kitambaa kilichofuta tanuri, kila kimoja kwenye mfuko wake wenye karatasi ya maelezo.

Alasiri Inspekta alirudi nyumbani kwa Mwalimu peke yake. Binti alikuwa chumba cha uani, hashoni. Inspekta alimwambia yote, kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti, maana hakujua njia nyingine. Alipomaliza, binti aliuliza jambo moja.

"Baba alijua?"

"Alijua kitufe kimekufa. Ndiyo maana alianza kufungua skrubu."

"Sikuulizi habari ya kitufe."

Inspekta alitazama sakafu, vipande vya vitambaa na pini. "Alijua, dada. Kitufe kilikuwa cha siku moja, na aliyekileta alikuwa mmoja."

Binti alitikisa kichwa polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Jana nilinyanyuka mara mbili niende kumwona," alisema. "Mara ya kwanza kaka akasema, ngoja, shika hapa nikaze. Mara ya pili akaanza kunihadithia tulivyokuwa wadogo, siku aliyounganisha redio ya baba ikatoa moshi, akamwigiza baba anavyokimbia na ndoo. Nikacheka, afande. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kucheka vile tangu baba augue. Na yeye alikuwa anatazama saa, nilimwona anatazama, nikadhani ana haraka, nikamwambia kaa kidogo, kaka, usiondoke."

Nje sauti ya shangazi ilikuwa imeanza tena, sasa chini chini, ikiwaeleza waliofika karibuni kuhusu masikio yaliyozibwa.

"Acha nitoke nimwambie," alisema Inspekta. "Atakuja kukuomba radhi hapa hapa."

"Usitoke."

"Anakusingizia, dada."

"Najua. Leo waache wanichukie mimi, hilo naliweza. Ukiwaambia ni yeye, watanijia wote kunipa pole ya kaka, na sina pa kuiweka. Waambie kesho, tukishamzika baba."

Inspekta alikaa tena. Kwenye ua mtu aliingia, akasema wachimba kaburi wanataka mwanamume wa nyumba aende akaonyeshe mahali. Shangazi aliita jina la Fyuzi. Akaita tena kwa nguvu, akauliza nani kamwona. Watu walitazamana. Binti alisimama, akaokota uzi uliokuwa begani, akauweka juu ya cherehani, akatoka uani.

"Nitakwenda mimi," alisema.